Niliwasingizia Wafu wa García Hernández

Niliwahi kuandika makala kuhusu jinsi askari wa miguu wa zama za Napoleon walivyojiokoa na askari wa farasi, na katika aya ya mwisho nikawaita waoga watu ambao sikuwa na haki ya kuwaita hivyo. Walikuwa Wafaransa wa rejimenti ya 76 ya miguu, na wenzao wa rejimenti ya 6 ya miguu myepesi, waliovunjwa na farasi karibu na kijiji cha García Hernández, Hispania, tarehe 23 Julai 1812. Niliandika kwamba mioyo yao ilivunjika kwanza, ndipo safu zao zikafuata. Sikuwa na ushahidi wowote. Na vitabu ambavyo vingenionyesha kinyume chake vilikuwa mezani kwangu. Sikuvifungua kwenye kurasa zile kwa sababu nilijua kisa hicho kingeniharibia somo.

Makala ilisomwa. Walimu wenzangu waliitumia darasani, nami niliyarudia maneno yake kwa mdomo mbele ya vijana kila nilipoalikwa kuzungumza. Kosa lililotangazwa hivyo haliwezi kusahihishwa kimyakimya. Nitaeleza nilichosema, kwa nini nilikisema, na kilichotokea hasa siku ile.

Nilianza vizuri, na sehemu ya mwanzo siifuti. Nilieleza kwamba askari wa miguu wa wakati ule alibeba gobore la gumegume lenye singe mbele, silaha isiyolenga vizuri zaidi ya mita mia. Askari aliyefunzwa sawasawa aliweza kupakia na kufyatua mara mbili au tatu kwa dakika. Farasi anayekimbia kwa kasi yake yote huimaliza mita mia kabla baruti mpya haijashindiliwa mtutuni. Kwa hiyo mtu aliyekutwa peke yake uwandani, au katika mstari mwembamba unaoweza kuzungukwa, alikatwa mgongoni hata kabla ya kugeuka. Kinga yake ilikuwa mraba. Batalioni ilijipanga pande nne zinazotazama nje, mistari mitatu kwa Wafaransa, minne kwa Waingereza. Waliokuwa mbele walipiga goti, wakakita kitako cha bunduki ardhini na kuielekeza ncha ya singe kwenye kifua cha farasi. Waliosimama nyuma yao walifyatua kwa zamu. Bendera, maafisa na majeruhi walikaa katikati. Hapakuwa na mgongo wa kushambuliwa. Na farasi, hata mpandaji awe na wazimu kiasi gani, hapendi kujitupa juu ya uzio wa vyuma. Hupunguza mwendo, hupinda, hupita ubavuni.

Kikosi cha nyuma kilikuwa na kazi ngumu zaidi. Jeshi linapojiondoa, watu wachache huachwa mkiani wamzuie adui mpaka wenzao wavuke mto au wafike mjini. Watu hao hawawezi kusimama mahali pamoja, maana watazingirwa. Hawawezi kukimbia, maana farasi anakimbia kuliko wao. Inabidi mraba utembee. Wa upande wa nyuma wanakwenda huku kwato zikivuma visogoni mwao. Wanasimama, wanageuka, wanafyatua, wanageuka tena na kuendelea. Wa ubavuni wanatembea wakiwa wamegeuza mabega kuelekea njia, macho yao yakiwa upande mwingine. Mfereji mdogo, ua wa shamba au maiti iliyolala njiani inatosha kuutenga upande mmoja na mwenzake. Askari wa farasi wanakwenda sambamba nao, hatua kwa hatua, wakiungoja ufa huo.

Baada ya maelezo hayo nilitoa mifano miwili, na hapo ndipo nilipoanza kupotosha.

Wa kwanza ulikuwa El Bodón, karibu na Ciudad Rodrigo, tarehe 25 Septemba 1811. Askari wa farasi wa Ufaransa, chini ya Jenerali Montbrun, walizivamia sehemu za jeshi la Jenerali Wellington wa Uingereza zilizokuwa zimetawanyika. Mizinga ya Wareno, washirika wake, ilitekwa juu ya kilima, na batalioni ya rejimenti ya 5 ya Uingereza, ikiongozwa na Meja Ridge, ikafanya jambo ambalo askari wa miguu hawakuzoea kulifanya: iliwaendea askari wa farasi kwa singe na kuirudisha mizinga. Kisha batalioni hiyo pamoja na ya 77 zikafanya mraba mmoja, Wareno wa rejimenti ya 21 wakafanya wao, na wote wakatembea uwandani kiasi cha kilomita kumi hadi Fuenteguinaldo huku wakishambuliwa njiani. Hawakuvunjwa. Yote hayo ni kweli. Nilichokiacha ni kwamba farasi wachache wa upande wao, Waingereza na Wajerumani chini ya Alten, walikuwa wamepambana mara nyingi kwenye miteremko ya kilima kile ili kuwapa nafasi ya kujipanga, na kwamba askari wa miguu wa Ufaransa walikuwa bado njiani. Niliwasimulia watu wa mraba kana kwamba walikuwa peke yao duniani.

Mfano wa pili ndio niliokuwa nikiupenda kuliko yote, na bado naupenda. Tarehe 14 Agosti 1812 Napoleon alivuka mto Dnieper na kuelekea Smolensk kutoka kusini, wakati majeshi makuu ya Urusi yakiwa upande wa kaskazini wa mto. Kama angeuwahi mji ule, angekuwa mgongoni mwao. Kati yake na mji alikuwapo Jenerali Neverovsky wa Urusi peke yake, na divisheni ya 27, katika mji mdogo wa Krasny. Divisheni hiyo ilikuwa imeundwa Moscow muda mfupi tu kabla ya vita, na askari wake wengi walikuwa makuruta. Mbele yao alikuja Murat, shemeji wa Napoleon na mfalme wa Naples, na maelfu ya wapanda farasi. Katika muda mfupi Neverovsky alipoteza mji, dragooni wake, yaani askari wake wa farasi, wakatimuliwa, na sehemu ya mizinga yake ikatekwa. Akabaki na watu wa miguu na barabara ya kwenda Smolensk.

Makuruta wale walitembea mpaka jioni katikati ya farasi. Inasimuliwa kwamba walishambuliwa kama mara arobaini. Walipoteza watu wapatao 1,500, lakini hawakutawanyika. Kuchelewa huko kulimpa Jenerali Raevsky nafasi ya kuuwahi mji, na Napoleon akaukuta Smolensk una walinzi.

Darasani nilikuwa nauchora mraba wa Neverovsky ubaoni, pembe nne zilizonyooka, mishale ya farasi ikigonga na kurudi. Mchoro ule ulikuwa uongo. Muda mfupi tu baada ya safari kuanza, batalioni zilikwisha kuchanganyika. Hapakuwa na pembe wala mistari ya kuhesabika. Lilikuwa kundi zito la watu lililobanana barabarani, likigeukia nje na kufyatua kila liliposhambuliwa, bila kujali nani ni wa kombania gani. Barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa nusu ya ngome yao. Pande zote mbili ilikuwa na miti iliyopandwa kwa safu na mitaro kando yake, na farasi hawakuweza kuingia kwa wingi. Mizinga ambayo ingelipasua kundi lile kwa urahisi haikuletwa kwa wakati wala kwa idadi ya kutosha; Murat alikuwa na haraka, akawa anarusha rejimenti moja baada ya nyingine pale pale. Mwisho wa njia, kwenye kijito, Neverovsky alikuwa ametanguliza askari wa miguu myepesi wa rejimenti ya 50 na mizinga iliyobaki, na moto wao ndio uliowasimamisha Wafaransa jioni.

Tena palikuwa na mahali ambapo ua wa miti uliibana njia, na sehemu ya waliokuwa mkiani ikakatwa na kuangamizwa. Hao niliwapita kimya. Laiti ningesimama hapo nikajiuliza: je, na hao walikuwa waoga? Walikuwa divisheni moja na waliookoka, makuruta wa mwaka mmoja, wametembea barabara moja, wameamriwa na jenerali mmoja. Tofauti yao na wenzao ilikuwa hatua mia mbili za barabara na ua wa mtu. Swali hilo moja lingetosha kuizuia kalamu yangu.

Lakini nilikuwa na somo la kufundisha. Nilitaka kuwaambia vijana kwamba atakayesimama imara hataangushwa. Wengi wao walikuwa wamekata tamaa ya masomo na ya maisha, na niliona nina wajibu wa kuwapa kitu cha kushikilia. Nia hiyo siionei haya. Naona haya kwamba niliithamini kuliko ukweli, kiasi kwamba kisa kilichoipinga nilikigeuza tusi. Nilijua García Hernández ipo. Kila kitabu cha vita vya Hispania kinaitaja kwa sababu miraba ilivunjwa pale. Ilinibidi niseme kitu juu yake, msomaji mjuzi asije akaniuliza. Nikasema la rahisi kuliko yote: wale walikosa moyo. Sentensi hiyo iliniokoa, na wasomaji wakaipenda, maana ilihitimisha vizuri.

Aliyenisimamisha ni mzee mmoja, askari mstaafu, aliyekuja kunisikiliza nikizungumza na vijana. Watu walipotawanyika alibaki ameketi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akanionyesha kiti cha jirani.

"Mwalimu," akasema, "hao uliowataja mwisho, waliovunjwa. Walifyatua au hawakufyatua?"

Nikamwambia sijui.

"Farasi walikuwa umbali gani walipofyatua?"

Nikamwambia hilo pia sijui.

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize hesabu. "Basi umejuaje kwamba walikuwa waoga?"

Sikuwa na jibu, wala hakunisukuma nilitoe. Akanyanyuka, akaniaga kwa heshima zote, akaenda zake. Hakunieleza alikopigana wala kilichomkuta huko, na sikuthubutu kuuliza. Lakini nilielewa kwamba hakuwa akiniuliza habari za Wafaransa peke yao. Kuna watu wengi duniani waliosimama mpaka mwisho na bado wakaangushwa. Baadhi yao huketi katika mikutano yetu wakitusikiliza tukiwaambia vijana wao kwamba aliyeangushwa alijitakia.

Nikarudi kwenye vitabu, mara hii kwenye kurasa nilizoziruka.

Siku moja kabla, tarehe 22 Julai, Wellington alikuwa amelipiga jeshi la Wafaransa la Marmont karibu na Salamanca. Marmont mwenyewe alijeruhiwa, na Clausel akachukua uongozi wa jeshi lililokuwa linakimbia. Usiku ule Wafaransa walivuka mto kwenye daraja la Alba de Tormes, ambalo Wellington aliamini linalindwa na Wahispania. Walinzi hao walikuwa wamekwisha kuondolewa. Divisheni ya Jenerali Foy haikuumia sana katika vita vya Salamanca, kwa hiyo ndiyo iliyopewa mkia. Asubuhi ilikuwa njiani ikiyalinda mabaki ya jeshi zima, ikiwa na farasi wachache wa kuisaidia.

Waliotumwa kuwafuatia ni dragooni wazito wa Jenerali Bock, wa Jeshi la Kijerumani la Mfalme. Walikuwa hasa watu wa Hanover, walioiacha nchi yao baada ya Ufaransa kuikalia mwaka 1803 na kwenda kumtumikia Mfalme wa Uingereza. Walielekezwa kuwapiga askari wa farasi wa Ufaransa waliokuwa wakionekana bondeni. Farasi hao wakakimbia. Lakini kwenye mteremko, ubavuni, palikuwa na askari wa miguu, na rejimenti ya 76 ikawafyatulia Wajerumani waliokuwa wakipita.

Kapteni Gustav von der Decken, aliyeongoza skwadroni iliyokuwa karibu nao, aliona kwamba akiendelea mbele atapigwa risasi ubavuni, na akirudi atapigwa mgongoni. Akageuka kuukabili mraba, bila amri ya mkubwa wake. Wafaransa waliwangoja. Walifyatua mara ya kwanza farasi wakiwa mita sabini hivi, na watu kadhaa wakaanguka, von der Decken mwenyewe akiwa amepigwa jeraha lililokuja kumuua. Kapteni von Uslar-Gleichen akajitokeza mbele, akawaita waliobaki wamfuate. Wafaransa wakangoja tena. Walifyatua mara ya pili farasi wakiwa mita ishirini tu au chini ya hapo. Mtu asome tena umbali huo. Mita ishirini kutoka kwenye pua ya farasi wa vita anayekuja kwa kasi, unapiga goti, bunduki imekitwa ardhini, na mwenzako aliye nyuma bado anazuia kidole chake. Nilikuwa nimewaita waoga watu waliofanya hivyo.

Kilichofuata kilitokana na kule kungoja. Risasi za mara ya pili ziliwapata farasi wakiwa karibu mno. Farasi mkubwa ana uzito wa kilo mia tano hivi, na risasi haiuondoi mwendo wake. Aliyekufa aliendelea kuja, kama mashua iliyoshushwa tanga inavyoteleza mpaka igonge gati. Farasi mmoja akaanguka juu ya singe, akipiga mateke katika kukata roho, akawalaza chini watu waliokuwa mbele yake na waliokuwa nyuma yao. Ukuta ukawa na mlango. Uslar-Gleichen na watu wake wakaingia kwa hapo kabla haujafungwa. Panga zikafanya kazi kutoka ndani, ambako mraba hauna macho, na sehemu kubwa ya batalioni ikauawa au ikatekwa.

Ukitaka farasi aliyekufa akuangukie, lazima uwe bado upo mahali pako. Watu waliokimbia wasingelikuwapo chini yake. Watu waliofyatua mapema kwa hofu wangelimwangusha mbali. Ni ule ule ushupavu niliowasifia wengine uliomleta farasi yule mpaka juu ya vichwa vyao.

Hesabu za maiti zinathibitisha. Wajerumani walipoteza zaidi ya watu 50 waliouawa na zaidi ya 60 waliojeruhiwa. Katika mapigano ya zama zile majeruhi kwa kawaida waliwazidi waliouawa mara kadhaa. Hapa idadi zinakaribiana, kwa sababu risasi zilifyatuliwa karibu sana. Askari waliopoteza moyo hawasababishi hasara ya namna hiyo. Na kwa kuwaita Wafaransa waoga, niliwapunja hata Wajerumani, maana kama waliokuwa mbele yao walikuwa wanatetemeka, von der Decken alikufa katika kazi nyepesi. Haikuwa nyepesi. Foy mwenyewe, aliyepigwa siku ile, aliisifu mbio ile ya farasi kama ya kijasiri kupita kiasi.

Sitaki sasa kuangukia upande wa pili na kuwapamba wote. Kundi la pili, la rejimenti ya 6, liliyaona yote yaliyowapata wenzao. Kapteni von Reitzenstein alipolijia, lilifyatua na kuangusha watu, kisha baadhi ya askari wake wakaanza kulegea na kuponyoka kabla farasi hawajafika, na mraba ukafunguka. Hapo moyo ulikuwa na sehemu yake, naam. Lakini wale walikuwa wametoka kuona, dakika chache nyuma, kwamba kinga waliyofundishwa kuiamini imevunjika mbele ya macho yao. Walikuwa wanapanda kilima, hawajatulia, na farasi wako karibu. Mimi niliyeketi kwenye kiti, nyuma ya miaka mia mbili, si wa kumpimia mtu huyo kiasi cha woga anachoruhusiwa. Na waliosalia walijikusanya juu zaidi. Farasi waliochoka na kutawanyika hawakuweza kuwamaliza wote, na Foy akaondoka na sehemu kubwa ya divisheni yake. Hasara yake ilipita watu elfu moja, wengi wao mateka. Lakini jeshi lililokuwa mbele yake liliendelea na safari. Kazi ya kikosi cha nyuma, kwa gharama hiyo, ilifanyika.

Nilipofika hapo nilikirudia pia kisa ambacho kingeipima kanuni yangu bila huruma, cha Fère-Champenoise, Ufaransa, tarehe 25 Machi 1814. Huko majenerali Pacthod na Amey walikuwa na watu elfu nne na kitu, wakisindikiza msafara wa chakula na risasi. Wengi walikuwa Walinzi wa Taifa, yaani raia waliopewa bunduki wakati nchi imekwisha kuvamiwa. Hawakuwa na sare kamili. Walivaa nguo za shamba, na wengine mitalawanda miguuni. Waliangukiwa na askari wa farasi wa Urusi na washirika wake, wakafanya miraba, wakatembea. Walitembea saa nyingi wakishambuliwa kila upande, wakielekea kwenye mabwawa ya Saint-Gond ambako farasi wasingeweza kuwafuata. Farasi peke yao hawakuwaweza. Ndipo mizinga ikaletwa, ikasogezwa karibu, na kupiga miraba ile mapengo ambayo farasi waliyapitia. Tsar Alexander alikuwapo akitazama. Wachache mno walifika mabwawani.

Wakulima wale walikuwa na mafunzo haba kuliko askari wote niliowataja, na walisimama kwa muda mrefu kuliko karibu wote. Neverovsky alikuwa na miti ya barabarani na adui asiyeleta mizinga. Pacthod alikuwa na uwanda mtupu na adui aliyeileta. Kama ningeliandika kuhusu Fère-Champenoise, kanuni yangu kwamba mwenye moyo havunjwi isingefika mwisho wa ukurasa. Fère-Champenoise nayo niliijua. Niliipita.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa la kutojua. Nilichagua visa viwili vilivyokwisha vizuri, nikavifuta vyote vilivyovisaidia kwisha vizuri, nikabakiza ushujaa peke yake. Kisha nikachukua waliokwisha vibaya, nikawafutia ushujaa ili hesabu itimie. Wafu hawaandiki barua kwa mhariri. Hakuna mjukuu wa askari wa rejimenti ya 76 angekuja kunidai. Ndiyo maana lilikuwa jambo jepesi kulifanya, na ndiyo maana ni dhuluma.

Vijana walionisikia ndio wanaonisumbua zaidi. Kuna mmoja aliyeniambia, kwa furaha, kwamba ameelewa: anayeshindwa ni yule aliyekwisha kukubali moyoni kushindwa. Nikampongeza. Leo najua nilimpa kijana yule rungu. Siku moja atakutana na mtu aliyefilisika, au aliyeugua akafukuzwa kazi, au aliyerudi kutoka vitani akiwa mateka wa zamani, na atamtazama kwa jicho nililompa mimi. Au atakuwa yeye mwenyewe chini ya farasi, na atajilaumu kwa uzito usio wake. Nilitakiwa kumwambia kwamba kusimama mahali pako kulikuwa ndiyo nafasi pekee ya askari yule, kwamba anayekimbia farasi hukatwa karibu kila mara, na kwamba pamoja na hayo mtu aliweza kufanya yote yaliyompasa na bado akavunjwa na kitu kisichokuwa mikononi mwake. Kijana wa umri ule anaweza kuyabeba maneno hayo. Mimi ndiye niliyedhani hawezi.

Mzee yule sijamwona tena tangu siku ile. Kama atayasoma haya, jibu la swali lake la kwanza ni ndiyo, walifyatua. Na la pili ni mita ishirini hivi.

Walimu wenye nakala ya makala ile nawaomba waifute aya ya mwisho, wasiirekebishe maneno tu, waifute yote. Mchoro wa mraba wa Krasny nao waufute. Wachore barabara, miti pande mbili, mitaro, na kundi la watu katikati. Na wanafunzi wao wakiuliza kilichotokea García Hernández, wawaambie kwamba askari wa rejimenti ya 76 walingoja mpaka farasi wakawa karibu, wakafyatua, na farasi waliyemuua akawaangukia.